Oili chafu kwenye tenki la dizeli: Canter labda, Hilux usithubutu

SWALI: Nipo Makambako. Nina Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33 na Toyota Hilux Vigo ya 2KD. Rafiki yangu mwenye gereji hunipa oili chafu bure, kama lita 60 kwa mwezi. Kuna mafundi wanasema nikiichuja kwa kitambaa, nikaichanganya na dizeli nusu kwa nusu na kuongeza petroli kidogo ya kuilainisha, gari linatembea bila shida. Ni kweli? Na kama ni kweli, nichuje vipi?

JIBU: Gari litawaka na litatembea, hapo mafundi hawajakudanganya. Oili ya injini ina nishati karibu sawa na dizeli, na injini ya dizeli ya zamani haichagui sana chakula. Tatizo ni kwamba hasara yake haionekani wiki ya kwanza. Inaonekana baada ya miezi, na wakati huo aliyekushauri hayupo.

Kwa hiyo majibu mafupi kwanza. Kwenye Hilux, usiweke hata kikombe. Kwenye Canter inawezekana, lakini isizidi asilimia 5 ya mafuta yote, tena kwa oili unayojua imetoka wapi. Nusu kwa nusu usiweke kwenye gari lolote. Petroli usiiguse kabisa.

Tuanze na kinachotokea ndani ya silinda. Dizeli huchemka kati ya nyuzi 180 na 360 hivi za Selsiasi. Oili ya injini imetengenezwa makusudi isigeuke mvuke kirahisi: inaanza kuchemka kwenye nyuzi 300 na zaidi, na sehemu yake nzito huvuka 500. Sasa injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mafuta yaliyopulizwa na nozeli yana kama sehemu tatu kwa elfu za sekunde kugeuka mvuke, kuchanganyika na hewa na kuungua. Dizeli inawahi. Sehemu nzito ya oili haiwahi: matone yake hugonga kichwa cha pistoni na ukuta wa silinda yakiwa bado maji maji. Mengine hugeuka kaa gumu kwenye ncha ya nozeli na kwenye mifereji ya ringi, mengine hupenya chini hadi kwenye oili ya injini. Nozeli za 4D33 zina matundu kadhaa yenye upana wa kama robo milimita. Tundu moja likijengewa kaa ukingoni, mafuta hayatoki tena kama ukungu, yanatoka kama mkojo wa mtoto, na hapo unaanza kuona moshi mweusi kwenye mlima na injini kugonga asubuhi.

Lakini kaa si baya kuliko yote, maana kaa angalau huungua likipata joto la kutosha. Kibaya zaidi ni majivu. Oili ya injini ina viungo vya kiwandani vyenye zinki, fosforasi na kalsiamu, vinavyozuia msuguano na kuosha injini. Hivi ni madini, haviungui. Ukichoma oili ya kawaida ya injini hadi mwisho, karibu asilimia 1 ya uzito wake inabaki kama majivu. Viwango vinavyotumika Ulaya vinaruhusu dizeli iwe na majivu yasiyozidi asilimia 0.01, yaani mara mia pungufu.

Piga hesabu kwa tenki la lita 80. Dizeli safi, hata ikiwa kwenye ukomo kabisa wa kiwango, ina majivu gramu 7 hivi tenki zima. Ukiweka nusu kwa nusu, lita 40 za oili zina uzito wa kilo 35 hivi, na majivu yake ni gramu 350. Kwa tenki moja! Zile lita 60 zako za mwezi zinabeba zaidi ya nusu kilo. Mengi yatatoka na moshi kwenye eksosi, ndiyo, lakini kinachobaki hung'ang'ania kwenye valvu za kutolea moshi na juu ya ringi. Valvu yenye ganda la majivu haikai sawasawa kwenye kiti chake, moto unapenya pembeni, na baada ya muda inaungua ukingo. Hapo ni kushusha silinda hedi.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu kuchuja. Wanadhani ubaya wa oili chafu ni uchafu wake tu. Zinki na kalsiamu zimeyeyuka au zimeelea humo kwa punje ndogo kiasi kwamba hakuna chujio la gereji linaloziona. Hata rangi nyeusi haiondoki kwa kuchuja: ile ni masizi yaliyo madogo kuliko maikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), na oili yenyewe imewekewa dawa ya kuyaweka yaelee yasigandamane. Ukiona mtu anakuonyesha oili iliyopita kwenye kitambaa na kusema imekuwa safi, amesafisha chembe za chuma na nyuzi za matambara, basi. Si kazi bure, maana chembe hizo ndizo zinazoua pampu haraka. Ila imebaki oili ileile. Wapo wanaoitakasa kwa asidi ya salfa na udongo, au kuipika kwenye mapipa hadi itoe mvuke wa kufanana na dizeli. Ya kwanza inakuachia tope lenye asidi usilojua pa kulitupa. Ya pili ni kuchemsha pipa la mafuta kwa zaidi ya nyuzi 350 nyuma ya nyumba, na huo ni moto unaosubiri kutokea.

Jambo lingine ni uzito wa umajimaji. Kipimo chake ni sentistoki. Dizeli kwenye nyuzi 40 huwa kati ya 2 na 4.5, oili ya 15W-40 kwenye joto hilohilo ni zaidi ya 100. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata kama 11, tayari zaidi ya mara mbili ya ukomo. Na wewe upo Makambako kwenye baridi, si Dar es Salaam. Asubuhi ya Julai, mchanganyiko huo ukiwa kwenye nyuzi 10 unavuka 30 kwa makadirio. Pampu inavuta kwa shida kupitia chujio, nozeli inapuliza matone makubwa, betri inazungusha injini mpaka inachoka. Mchanganyiko wa asilimia 5 unapandisha uzito kutoka 3 hadi kama 3.3 tu, na injini haitambui tofauti. Hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kusimama kwenye 5.

Petroli inawekwa na watu kwa sababu inafanya mchanganyiko uonekane mwepesi. Kweli unakuwa mwepesi, lakini petroli haikubali kuwaka kwa kubanwa kama dizeli, hivyo inachelewesha kuwaka na injini inagonga. Haina utelezi wa kulainisha pampu. Na hata kiasi kidogo chake kinafanya mvuke ndani ya tenki na pipa uweze kushika moto kwenye joto la kawaida la mchana, jambo ambalo dizeli peke yake haifanyi. Kama unahitaji kulainisha oili, ilainishe kwa dizeli.

Sasa kwa nini Canter ndiyo na Hilux hapana? Fungua boneti uangalie pampu ya Canter. Mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli yanatoka juu yake yamepangana mstari mmoja, kama chupa kwenye kreti. Hiyo ni pampu ya laini. Kila silinda ina plunja yake (kijipistoni kinachosukuma mafuta), na sehemu ya chini yenye kemu inalainishwa na oili. Ni ngumu, inavumilia. Ukikuta mabomba yanatoka kwenye duara nyuma ya pampu, kama kwenye Hilux na Hiace za zamani za 2L, 3L na 5L au Land Cruiser ya 1HZ, hiyo ni pampu ya mzunguko. Hiyo inalainishwa na mafuta yenyewe peke yake, na kichwa chake kimoja kinahudumia silinda zote. Chembe moja ikikikwaruza, injini nzima inapoteza nguvu. Mwenye pampu ya namna hii tunamshauri aache, ingawa yapo yanayotembea hivyo miaka.

Hilux yako ya 2KD haina uhusiano na hayo yote. Ni komon reli: mafuta yanabanwa hadi zaidi ya baa 1,300, na injekta inafunguka na kufunga kwa amri ya kompyuta, mara zaidi ya moja kwa kila mlipuko. Nafasi kati ya sindano ya injekta na mwili wake ni ya maikroni chache. Kwenye pampu kuna valvu ndogo ya kupima mafuta yanayoingia, mafundi wanaiita SCV, ambayo hata dizeli chafu ya kituoni inatosha kuifanya ikwame. Injekta zikiharibika, bei ya nne mpya itakusahaulisha kila lita uliyowahi kuokoa. Na kwa wenye magari mapya zaidi yaliyo na kichujio cha masizi kwenye eksosi, yale majivu tuliyoyataja hujaa humo na hayaungui hata kichujio kijisafishe mara ngapi.

Tukirudi kwenye Canter, chagua oili kabla hujafikiria kuchuja. Kwenye gereji pipa la oili chafu ni jalala: kila kitu kinaishia humo. Mwombe rafiki yako akutengee dumu lako peke yake, limiminiwe oili iliyotoka kwenye injini za dizeli tu, ikiwa bado ya moto. Usipokee yenye oili ya gia (utaijua kwa harufu kali ya salfa), wala mafuta ya breki, ambayo hayachanganyiki na dizeli na huharibu mipira ya pampu. Oili ya bodaboda na magari ya petroli mara nyingi ina petroli ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ya rejeta, itupe nje ya mpango kabisa. Mafuta ya transfoma, yale yanayoibwa kwenye nguzo, usiyaguse hata ukipewa bure: ukiacha kwamba ni mali ya wizi, transfoma za zamani nyingine zilijazwa mafuta yenye PCB, sumu isiyoungua vizuri kwenye injini na isiyotoka mwilini upesi. Ukiwa na bahati ya kupata haidroliki iliyotolewa kwenye winchi, hiyo ni afadhali kuliko oili ya injini, kwa kuwa majivu yake ni kidogo sana.

Kupima maji, weka kikaango kikavu kwenye jiko mpaka tone la mate liruke, kitoe motoni, kisha dondosha matone mawili ya oili kwa sindano ya hospitali. Ikitulia na kutoa moshi kidogo, ni kavu. Ikitoa sauti ya kukaanga vitunguu, ina maji. Vaa miwani. Halafu dondosha tone jingine kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, iache usiku kucha. Katikati pakiwa na doa jeusi zito lenye ukingo mkali, oili imejaa tope. Ukiona duara pana la mwanga nje ya doa, kuna petroli au dizeli ndani.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Chukua pipa lenye bomba la kutolea lililofungwa sentimita 15 juu ya kitako. Mimina oili kupitia wavu mwembamba, kisha ongeza dizeli mara tatu yake: kwa lita 20 za oili, lita 60 za dizeli. Koroga. Usianze kuchuja hapo. Ukishaifanya nyepesi, maji na chembe nzito zinazama zenyewe, jambo ambalo kwenye oili nzito lingechukua miezi. Paka pipa rangi nyeusi, liweke juani, lifunike mvua isiingie, uliache wiki mbili bila kulitikisa. Ukihitaji joto zaidi, zungushia dumu maji ya moto. Usiwashe moto chini ya pipa. Baada ya hapo fungua bomba, chukua cha juu tu, na kilicho chini ya bomba kiache humohumo, ndicho chenye tope.

Kinachotoka kipitishe kwenye chujio za maikroni 20, kisha 10, kisha 5, zikifuatana, pipa likiwa limeinuliwa mita moja na nusu ili uzito wake usukume. Mwisho weka chujio ya dizeli yenye kitenganisha maji, ile yenye kikombe cha kioo chini. Ukiruka moja kwa moja hadi maikroni 5 itaziba kabla hujapata ndoo. Kitambaa cha fulana kinazuia mchanga na nzi. Vitu vya maikroni 30 vinapita bila kubisha hodi. Rudia kipimo cha kikaango.

Mchanganyiko huo una robo oili. Kwa tenki la lita 80 unataka lita 4 za oili, basi weka lita 16 za mchanganyiko kwanza, halafu kajaze lita 64 za dizeli ya kituoni juu yake, ile kasi ya kujaza inakukorogea. Andika kwenye daftari kila ulichoweka, la sivyo utajikuta unaongeza juu ya kilichobaki na asilimia 5 imekuwa 12.

Tembea na chujio ya dizeli ya akiba na spana yake. Oili ina dawa ya kuosha, na kwenye tenki mbili tatu za mwanzo itabandua tope lililojikusanya ndani ya tenki kwa miaka. Dalili ni moja: injini inaunguruma vizuri ikiwa imesimama, ukipanda mlima na mzigo inakata pumzi. Hiyo ni chujio, usikimbilie kufungua pampu. Punguza pia nusu ya kilometa za kumwaga oili ya injini, kwa sababu ya ile sehemu nzito inayopenya ringi. Na gari likienda kulala zaidi ya wiki moja, tenki la mwisho liwe dizeli tupu, lisije likaganda kwenye nozeli.

Je, inalipa? Ili umalize lita 60 kwa asilimia 5 lazima Canter ichome lita 1,200 za mafuta kwa mwezi. Kama hutembezi kiasi hicho, oili itakuzidi, na hapo ndipo mkono wa mtu unaposhawishika kuongeza kipimo. Unachookoa ni lita 5 kwa kila 100, ukitoa chujio, muda na oili ya kumwaga mapema. Canter yenye nozeli zinazovuja au muda wa pampu uliochelewa inaweza kupoteza kiasi hicho na zaidi, kwa hiyo kwa maoni yetu pesa ya kwanza ipeleke kwa fundi pampu akupimie nozeli zote nne kwenye mashine. Asilimia 5 yenyewe hatukuitoa hewani: Cummins ya Marekani iliwahi kuruhusu kiwango hicho cha oili iliyochujwa kwenye injini zake za zamani, hata ikauza mfumo uitwao Centinel uliokuwa ukichota oili kidogo kidogo ya injini na kuichoma na dizeli. Injini zenye kichujio cha masizi haziko kwenye ruhusa hiyo.

Moshi nao ni wa kuuhesabu. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, wakati oili chafu mara nyingi ina elfu kadhaa. Hata asilimia 5 tu ya oili yenye 3,000 inakurudisha karibu na 200. Kisheria, nchini Tanzania oili chafu ni taka hatarishi, na kuikusanya au kuisafirisha kibiashara kunahitaji kibali kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa kuhusu kuvusha taka hatarishi mipakani, nao unaihesabu kwenye kundi la Y8, hivyo kuivusha mpaka wa Tunduma si jambo la dumu na bodaboda. Kumuuzia mtu mchanganyiko wako kama dizeli ni uchakachuaji, hata kama ni lita tano za jirani. Mahali inapoungua vizuri ni kwenye tanuri la saruji, linalofika nyuzi 1,450 na kumeza majivu yote ndani ya klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji. Kama kuna mkusanyaji mwenye kibali anayepita kwenu, ile inayokuzidi mpe yeye. Vaa glavu ukiishika, maana ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeoga nayo kila siku.

Na ikiwa umeshajaribu kwenye Hilux kabla ya kusoma hapa: kama hujawasha, usiweke hata swichi kwenye ON. Mwaga tenki lote, toa chujio, pitisha dizeli safi lita tano kwenye bomba la kwenda na la kurudi, funga chujio mpya, kisha piga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu ndipo uwashe. Kama umeshatembea nayo na inasita ukikanyaga au inazima ikiwa imesimama, usafi uleule kwanza, halafu mwambie fundi aanze na SCV na kipimo cha mafuta yanayorudi kutoka kila injekta kabla hajakuuzia injekta yoyote.